Zinki Iliyopakwa Rangi

Kila alasiri, Kidoti akitoka shule, alichomeka waya wa umeme wa gatini kwenye boti ya mama yake ili betri zijae. Boti hiyo ndiyo iliyowavusha wagonjwa kwenda zahanati ya ng'ambo.

Siku hiyo aliikuta imepandishwa nchi kavu. Mama alisimama mbele ya rafadha inayoisukuma boti, mikono kiunoni, amemfuria fundi aliyeifunga.

"Miezi mitatu tu, imetobokatoboka kama chujio! Fundi, ulinifungia takataka?"

"Dada, usinisingizie," fundi alisema. "Ule waya una uzi wa ardhi unaoiunganisha boti yako na za jirani. Zikiungana hivyo majini, mkondo mdogo wa umeme hupita, na chuma kimoja huanza kuliwa. Ndiyo maana nilifunga vipande vya zinki, viliwe badala ya rafadha. Sasa mbona vizima? Nimekuna kichwa hadi nywele zimeniisha!"

"Hata jana hukuwa nazo," Mama alifoka. "Mkaguzi anakuja kesho. Akiifungia boti, wagonjwa wataogelea?"

Boti iliposafishwa mara ya mwisho, Kidoti aliambiwa apake rangi ubavuni tu. Aliona zile zinki zinachusha, akazipaka pia, akanyamaza.

Mama alitoa simu. "Niwaambie zahanati watafute boti nyingine."

Kidoti aliomba kimoyomoyo apate ujasiri. "Mama, subiri. Zinki nilizipaka rangi mimi."

Fundi alikwangua kipande kimoja kwa bisibisi. Rangi nyeupe ikabanduka. "Kumbe! Rangi imezifunga, zisiweze kuliwa. Rafadha ikaliwa yenyewe."

"Na mimi nimemtukana mtu wa watu tangu asubuhi!" Mama alishusha pumzi. "Ee Mungu, nipe subira. Fundi, nisamehe."

Walifunga rafadha ya zamani iliyokuwa stoo, pamoja na zinki mpya. Kwenye uzi wa ardhi fundi aliweka kifaa cha kuzuia ule mkondo mdogo unaokula chuma. Kidoti alisugua kutu mpaka vidole vikamuuma.

Kesho yake mkaguzi alizunguka boti mara mbili, akatia saini.

Mama alimshika Kidoti bega. "Mwanangu, kabla hujakigusa kitu, uliza kina kazi gani. Na ukikosea, sema siku ileile. Ungeniambia wakati ule, tungeikwangua rangi kwa nusu saa, na rafadha ingekuwa nzima."

"Nimeelewa, Mama."

"Haya, panda. Mgonjwa wa kwanza ameshafika."