Nguzo Aliyoitoa Joëlle

Kila asubuhi Joëlle alichota maji kwa jirani, akafagia ua, kisha akashika njia ya kwenda kwa Papa Théodore. Shule ilikuwa imefungwa. Walimu walikuwa hawajalipwa tangu Pasaka, na mwalimu naye ana tumbo. Mwaka huo wa 1994, mtaani Panda, mabomba ya kiwanda cha shaba yalikuwa hayatoi tena moshi. Walioula mji huu waliula mchana kweupe, na sisi tulikuwa na macho.

Papa Théodore alikuwa fundi wa maabara wa zamani. Mzungu aliyekuwa mkubwa wake alipokimbia, askari walipopora mji, alimwachia sanduku la kioo lenye maji ya chumvi, na ndani yake viumbe viwili: samaki mdogo aliyelinda mlango wa shimo, na kamba wa baharini aliyelichimba, mwenye gando moja nene. Akilibana gando hilo, lilialika pa! kama fataki. Kwa kuwa alishinda akichimba, mzee alimwita Kapita, kama msimamizi wa machimbo.

Umeme ulipokatika, Joëlle alichota maji ya sanduku kwa kopo na kuyamwaga tena kutoka juu, ili viumbe wapate pumzi. Kwa kazi hiyo mzee alimfundisha hesabu na kusoma.

"Angalia," Papa Théodore alimwambia siku moja. "Anasukuma mchanga nje, halafu anakaza vipande vya kombe la baharini ukutani ili paa isimuangukie. Lile jiwe kubwa nililikalisha juu ya kioo cha chini chenyewe, maana najua atachimba chini yake. Vile vipande usiguse, mutoto. Kila kimoja iko na kazi."

Lakini kipande kimoja kilikuwa cheupe, kizuri. Jumanne moja, mzee akiwa uani, Joëlle alitia mkono akakichomoa.

Mchanga uliporomoka. Shimo likajifunga, Kapita akiwa ndani. Samaki mlinzi akabaki akizunguka bila mlango. Joëlle alisubiri asikie pa! Kimya.

"Nani aligusa?" Papa Théodore aliuliza mlangoni.

"Iliangukaka yenyewe, Papa."

"Hakuna kinachoanguka chenyewe. Kuna mutu ametoa nguzo."

Joëlle akakumbuka mti. Jumapili iliyopita, makaa yalipokwisha nyumbani, mama yake alikuwa amemtuma kutafuta kuni. Alikwenda hadi kilimani, kando ya njia ya Kambove, kwenye shimo ambamo baba yake, Urbain, alichimba mawe ya shaba tangu mshahara wa kiwandani ulipokatika. Hapakuwa na mtu. Alitambaa ndani, akang'oa mti mmoja mkavu uliosimamishwa pembeni kushikilia udongo. Mama alipouliza, alijibu, "Nimeuokota njiani." Maharage yaliiva vizuri, wote wakala, na baba pia.

Na leo baba alikuwa amerudi shimoni.

"Papa Théodore, ni minye nilikitoa!" alilia, akaweka kombe mezani. "Na kule shimoni kwa papa pia ni minye!" Akatoka mbio, bila kandambili.

Mdomoni mwa shimo alimkuta Éphraïm, mvuta kamba, amekaa akitafuna muhogo.

"Weye, umekuja kuchimba?" alimcheka. "Vaa kwanza suruali!"

Joëlle alimpita. Alilala kifudifudi, akapiga kelele gizani: "Papa, toka! Ule muti wa pembeni, ni minye niliutoa! Tuliupikia maharage!"

Kicheko cha Éphraïm kilikatika. Akashika kamba kwa mikono miwili.

Urbain alitoka kwanza, mwekundu wa vumbi, mkono ameshauinua kumpiga. Nyuma yake ardhi ilinguruma. Carlos, mwenzake, alikuwa ametoka hadi kiunoni tu. Walimvuta, naye akapiga yowe ambalo Joëlle hakulisahau maisha yake yote. Alitoka hai, mguu umevunjika. Sururu zote mbili na mawe ya juma zima vilibaki chini.

Urbain aliutazama ule mkono aliokuwa ameuinua, na hakuuinua tena.

Wiki ile walikula mara moja kwa siku, na sehemu ya sahani yao ilikwenda kwa Carlos. Joëlle ndiye aliyeipeleka, na kila mara alitazama ule mguu. Haukunyooka tena.

Siku ya tatu baada ya ajali, Urbain mwenyewe alimpeleka binti yake kwa Papa Théodore kuomba radhi. Walipofika sebuleni, pa! Kapita alikuwa amejifukua, anachimba upya. Joëlle aliliachia lile kombe majini. Kapita akalipapasa, akaliburuta hadi ukutani, akalikaza.

"Mutoto wangu," Urbain alisema, "ulitoa nguzo bila kuuliza, halafu ukadanganya. Mguu wa Carlos ni juu yako, na juu yangu, maana niliingia bila kukagua. Lakini ulikimbia ukasema 'ni minye' kabla ya ardhi kusema. Ukweli usiucheleweshe, ukichelewa, unakuta watu wamekwisha kuzikwa."

Kisha akageukia dirisha, upande wa kiwanda kilichonyamaza.

"Wakubwa waling'oa nguzo za mji huu moja moja, nasi tukiwa ndani. Mpaka leo, hakuna hata mmoja aliyekuja mbio kutuita tutoke."