Bomba la Mzee Lwakatare

Jua lilikuwa linazama nyuma ya migomba Annastella aliposhuka kwenye bodaboda nje kidogo ya Nshamba, sumaku ya redio mbovu akiwa ameifunga kwenye pindo la kitenge. Alitoka Bukoba, hospitalini, alikomwacha binti yake Joyness akiangaliwa na Agnetha, dada wa Annastella mwenyewe. Joyness alikuwa mtoto wa miaka sita. Tumbo lilimsokota, miguu ililegea, na maneno aliyoyajua yalianza kumpotea mdomoni.

Majibu ya damu yalikuwa yamerudi.

"Ana risasi mwilini," daktari alimwambia. Annastella alishtuka. "Si ya bunduki, mama. Ni madini. Zamani watu walitengenezea mabomba ya maji. Nenda ukalikwangue la kwenu kwa ufunguo. Kama ni laini, linang'aa kama fedha, na sumaku hainasi, hayo maji msiyanywe tena."

Ndicho kilichomrudisha nyumbani. Lakini njia nzima hakuwaza bomba. Aliwaza mama mkwe wake.

Majirani walishanong'ona siku nyingi. Ma Oliva alizika watoto wawili katika nyumba ile, kabla hajamzaa Kahigi, mume wa Annastella. Kawala mwenyewe, walisema. Annastella alikuwa akiwapuuza, mpaka alipogundua jambo moja: mama mkwe wake hakunywa maji ya bomba hata tone. Alikinga ya mvua, akayatia kwenye kibuyu chake, akakifungia chumbani.

Kwa nini?

Kahigi alikuwa visiwani kwenye biashara ya samaki, simu haipatikani. Nyumba ilikuwa kimya. Mlango wa Ma Oliva ulikuwa wazi, ndani hamna mtu.

Annastella alizunguka nyuma ya jiko, pale bomba linapotoka ardhini na kuingia ukutani. Palinuka tope na kitu kingine... kama chuma kilicholowa damu. Akapiga magoti, akakwangua kwa ufunguo.

Bomba lilikuwa laini kama sabuni. Mstari ukang'aa, mweupe kama fedha.

Akaweka sumaku. Haikunasa. Ikaanguka, ikagonga bomba.

Tuk.

Na kutoka ndani ya bomba, taratibu, kitu kikajibu.

Tuk.

Hewa tu, alijiambia. Akainama, akasogeza sikio. Alisikia maji yakitembea mbali sana... halafu yakasimama. Halafu pumzi.

"Mama."

Sauti ya Joyness.

Annastella alifungua kinywa kuitika. Mkono ukatokea nyuma yake, ukamziba mdomo kwa nguvu. Mkono mkavu, unaonuka moshi.

"Usiitike," Ma Oliva alimnong'oneza. "Ukiitika tu, basi."

Alimkokota mpaka katikati ya kibanja, shamba la nyumbani, kwenye mibuni, ndipo akamwachia.

"Mae," Annastella alimwita mama mkwe wake, "umemfanya nini mwanangu?"

"Mimi? Waitu, mimi?" Bibi alijishika kifua. "Baba mkwe wako Lwakatare aliyang'oa mabomba hayo kwenye nyumba iliyokuwa ikibomolewa. Akayafukia mwenyewe, akasema amevuta maji ya chemchemi ya kule juu. Wanangu wakaanza kuugua. Kisha jioni wakawa wanaitwa. Wakaitika."

"Ulijua! Ulijua, na Joyness anakunywa kila siku unamwangalia!"

"Nilimwambia Kahigi. Akaniambia nikirudia maneno hayo ya kichawi, mjukuu wangu sitamwona tena." Akatazama chini. "Nikanyamaza."

Annastella hakujua amwamini au amkimbie. Usiku ule alilala kwa jirani.

Asubuhi alimleta Byabato, fundi wa maji. Byabato alikwangua bomba, akatikisa kichwa: daktari alisema kweli, ni risasi tupu. Akalikata, akaanza kulifukua kuelekea mlimani ili aunge la plastiki kwenye chemchemi.

Hakufika kwenye chemchemi.

Chini ya mibuni ya mwisho bomba liliishia. Mdomo wake ulikuwa umebanwa ukawa bapa, umezibwa kabisa, na juu yake alama ndogondogo, kama za meno. Udongo ulikuwa mkavu. Mkavu kama majivu.

Byabato alifuta jasho.

"Mama... haya maji mlikuwa mnayapata wapi?"

Alibeba koleo lake akaondoka, hata mikono hakunawa.

Ma Oliva alipiga magoti kando ya shimo, akaanza kulifukia kwa viganja huku akiwataja marehemu wake, kama watu wanavyofanya kwenye misa ya wafu.

"Nicholaus... Eufrazia... Joyness..."

"Mae! Mbona unamtaja Joyness?"

Viganja vya Ma Oliva viliganda juu ya udongo.

"Mimi nimetaja wawili tu."

Annastella alimpigia Agnetha.

"Hajambo," Agnetha alisema. "Anakula. Ila sasa hivi kageuka ghafla, ananitazama kama vile nimemwita."

"Ameitika?"

"Aitike vipi? Mdomo umejaa ndizi."

Joyness alipona, polepole. Miguu ilipata nguvu, na maneno mengi yalirudi. Hawakurudi Nshamba; Kahigi aliporudi kutoka visiwani aliwapangia nyumba Kitendaguro, Bukoba, karibu na Agnetha. Watu wa hospitali walifurahi kusikia kwamba bomba lilikatwa.

Kahigi alipokwenda kumchukua mama yake, alikuta amehamishia kigoda chake chini ya mibuni, kando ya lile shimo lililofukiwa. Alimsihi mpaka akachoka. Bibi alikataa. Alisema hawezi kuwaacha peke yao, sasa bomba limekatwa na wana kiu.

Kahigi alipanda gari, hakuuliza ni akina nani.