Mgeni wa Kifuani

Fundi cherehani aliikata suti ya bwana harusi asubuhi. Alipotoka kula na kurudi, mabega ya koti yalikuwa yameota ukungu wa kijivu, na jua linawaka, na kitambaa ni kipya.

"Au umeuziwa sanda?" dada yake akamtania. Ndiye aliyemtolea figo yake moja, na tangu upasuaji alikuwa akikaa naye kumwuguza.

Fundi hakucheka. Alikohoa, na chumba kizima kikanuka kaburi lililofukuliwa.

Hospitalini daktari aliinua picha ya kifua kwenye mwanga. "Ni ukungu, wa aina adimu. Sisi wengine tukiuvuta, kinga ya mwili inaufukuza. Yako tumeilaza kwa dawa, ili mwili usiikatae figo."

Wakamdunga dawa za ukungu. Hazikufua dafu.

Jioni moja dada alikuwa akimfuta jasho, sauti kavu ikatoka kifuani mwa kaka yake, midomo yake ikiwa imefumbwa.

"Toka, mwanamke. Walinzi wamelazwa, mlango nimeukuta wazi, nimeingia nikatandika, na nitalila pafu hili, kisha la pili, kisha nipande machoni, kisha kwenye ubongo, nawe utakuwa umekaa hapo hapo ukinitazama ninavyoshiba."

"Unataka nini kwetu?" dada akanong'ona.

"Sitaki kitu. Nawachukia tu."

Dada akamkimbilia daktari, akamleta hadi kitandani. "Iamsheni kinga yake!"

"Tukipunguza zile dawa, mwili unaweza kuiua figo uliyompa."

Fundi alisikia. "Dada, usikubali," akasema kwa shida. "Ni nyama yako ile."

"Nilikupa uishi, kaka. Sikukupa ufugie shetani. Kubali."

Akakubali kwa kichwa.

Dawa zikapunguzwa. Homa ilimpanda hadi kitanda kikatikisika. Sauti ikawatukana wazazi wao waliokufa, ikalia kama mtoto mchanga, ikabembeleza, ikatukana tena, hadi fundi akatapika bonge jeusi lenye nyuzinyuzi, likajikunja ndani ya beseni, likatulia. Muuguzi alilipeleka kuchomwa huku amegeuza uso.

Jini likatoka. Figo nayo ikafa.

Fundi alirudi kwenye mashine ya kusafisha damu. Siku ya kwanza hakuweza kumtazama dada yake.

"Nisamehe."

"Nyamaza. Vuta pumzi."

Akavuta. Dada aliinama, sikio kifuani, akaisikiliza ikiingia, ikitoka, safi. Ndipo akalia.