Aliyefika Kabla ya Magharibi

Maiti ya Mzee Ishaka ilikuwa imelala kifudifudi katikati ya kiwanja kipya, mkono mmoja umekumbatia bikoni, ile nguzo fupi ya zege ya kuonyesha mpaka. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Damu ilishanywewa na mchanga wa Mapinga, imebaki doa jeusi.

Inspekta Sabiha Bwanausi, mpelelezi kutoka Bagamoyo, alichuchumaa bila kugusa kitu. Msaidizi wake, Koplo Issa, alikuwa akifunga utepe kwenye ua wa minyaa kuwazuia watu waliozidi kujaa njiani.

"Nani kamwona kwanza?"

"Wapima ardhi, afande. Wamekuja asubuhi hii kumalizia kazi yao."

"Silaha?"

"Sepetu yao. Waliiacha hapa juzi. Bapa lina damu."

Sabiha aliinamia mpini. Palikuwa na vipande vidogo vya manjano, laini kama mpira, vile vinavyobaki mtu anaposugua viganja vyenye gundi iliyokauka.

"Hii ifungwe vizuri, iende maabara. Na alama za vidole."

Daktari alikadiria kwamba marehemu aliuawa jana yake jioni, jua lingalipo. Msikitini nako walisema Mzee Ishaka alisali Alasiri pamoja nao. Magharibi hakuonekana.

"Ndugu zake?" Sabiha aliuliza.

"Alikuwa mjane, hana mtoto. Yupo mpwa wake, Mikdad, nyumba ile ya bati jekundu. Ni fundi makochi, anafanya kazi Keko."

"Keko? Anavuka jiji zima?"

"Kila siku, afande. Hata Jumapili."

"Na leo yupo nyumbani."

Issa alimtazama, akafunga daftari lake.

Mikdad aliwapokea barazani. Alikuwa mwanamume mwembamba, macho mekundu. Mkewe, Batuli, alisimama mlangoni, ncha ya kanga mdomoni.

"Poleni na msiba," alisema Sabiha.

"Tumeshapoa, afande."

"Leo hukwenda kazini?"

"Naumwa kichwa."

"Na jana?"

"Jana nilikwenda."

"Ukarudi vipi?"

"Kama siku zote. Keko mpaka Kariakoo, nikapanda basi la mwendokasi hadi kituo cha Morocco, nikaenda Makumbusho kuchukua gari la Bagamoyo."

"Ukafika wakati gani?"

"Inaadhiniwa Magharibi."

"Njiani kulikuwaje?"

"Foleni tu, afande. Foleni ya kila siku. Bahati nilipata siti, nikasinzia. Nimezindukia hapo kituoni."

Sabiha alimgeukia Batuli. "Ni kweli?"

"Kweli. Adhana ilikuwa inamalizika alipoingia. Akaoga, akasali humu ndani. Hakutoka tena."

Walipotoka, Issa alinong'ona, "Mke hadanganyi, afande."

"Hadanganyi. Kasema alichokiona."

Nyumba ya pili aliishi Bi Shufaa, mfanyabiashara wa vitenge Kariakoo. Walimkuta amekaa kwenye mkeka, miguu yote miwili ndani ya beseni la maji ya chumvi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Mtanisamehe, siwezi kuinuka."

"Miguu imepatwa na nini?"

"Mwanangu, jana si tumetembea! Lori la mchanga limepinduka Boko, limelala barabara nzima. Magari yote yakageuzia Tegeta. Tumeshushwa, kina mama na watoto na mizigo, tukashika njia kwa miguu. Wengine wamelala barazani kwa watu wasiowajua."

Sabiha alikaa taratibu kwenye ukingo wa mkeka. "Lilipinduka wakati gani?"

"Baada ya Adhuhuri, walivyosema. Sisi tumelikuta lingali palepale, kiza kinaingia."

"Nani wa hapa aliyetoka mjini jana akawahi Magharibi?"

Bi Shufaa alicheka kwa uchungu. "Hakuna. Labda aliyerudi kabla halijapinduka. Mimi nimefika watu wameshasali Isha."

Issa aliwapigia simu askari wa usalama barabarani. Wakathibitisha: njia ilifunguliwa usiku. Kisha Sabiha mwenyewe akampigia msimamizi wa karakana ya Keko. Jibu lilikuwa fupi. Umeme ulikatika asubuhi, cherehani zikasimama, mafundi wakaruhusiwa kwenda kwao.

Walirudi kwenye baraza la nyumba ya bati jekundu. Safari hii Sabiha hakukaa.

"Mikdad, jana gari lako lilipita Boko?"

"Lilipita."

"Bila taabu?"

"Foleni tu, nimekwambia."

"Boko jana jioni hapakupita gari. Watu walishushwa Tegeta, wakatembea. Bi Shufaa hapo jirani hawezi kusimama mpaka sasa. Wewe ulisinzia kwenye siti ya gari gani?"

Mikdad aligeuka kutazama nyumba ya Bi Shufaa.

"Hulazimiki kusema lolote," Sabiha aliendelea, "na utakalosema laweza kutumika mahakamani. Lakini msimamizi wako kanieleza habari za umeme. Na mpini wa sepetu una gundi, kama ya fundi makochi."

Batuli aliteleza ukutani mpaka akakaa chini. "Mimi ndiye nimemponza," alilia. "Nilijua tangu walipoleta tingatinga. Mtaa mzima ulijua. Anarudi kachoka, hata kula hawezi. Nikasema nitamwambia siku atakayopumzika. Siku yenyewe haikufika."

"Kumwambia nini?"

Mikdad ndiye aliyejibu.

"Pale mjomba alipopimisha viwanja vya kuuza ndipo alipozikwa mama yangu. Kila alfajiri nikienda kituoni nilisimama upande huu wa minyaa, nikamtolea salamu. Giza, sioni ng'ambo. Jana nimerudi mchana. Nikasema leo niingie, nimsomee Fatiha kwa nafasi. Nikakuta ardhi tupu. Bikoni tu."

"Ukamfuata mjomba wako?"

"Nilimsubiri palepale. Alipita baada ya Alasiri kukagua mipaka. Nikamwambia, mjomba, huyu si alikuwa dada yako, ziwa moja? Mbona hukunishauri? Akasema, 'Wewe unaondoka gizani unarudi gizani, ningekushauri saa ngapi?'"

Alifuta pua kwa kiganja.

"Nikameza, afande. Wallahi, nilimeza. Nikamuuliza kitu kimoja tu: mifupa ameipeleka wapi, nikaizike upya. Akasema nisimpotezee wakati, wateja wanakuja. Akanipa kisogo."

Barabarani gari la Dar lilipiga honi kuita abiria.

"Nimempiga kabla hajanijibu," alisema Mikdad, na hapo ndipo alipolia. "Sasa nani ataniambia?"

Issa alimfunga pingu bila kumvuta. Batuli alimvalisha mumewe kandambili, mguu mmoja, kisha wa pili.

Sabiha alitembea mpaka kwenye minyaa, akawatazama wapima ardhi waliokuwa wakingoja ruhusa ya kuendelea na kazi.

"Kusanyeni vifaa vyenu," aliwaambia. Kisha akamgeukia koplo. "Issa, mtafute dereva wa tingatinga. Nataka kujua udongo wa hapa aliumwaga wapi."