Maziwa ya Malkia

Nyumbani kwa Bi. Eliaichi, Machame, ng'ombe aliheshimiwa kuliko wageni. Jina lake Malkia. Mgeni aliweza kusubiri chai. Malkia hakusubiri majani. Bei ya kahawa ilipoanguka, maziwa yake ndiyo yaliyolisha nyumba.

Priska, mke wa mwanawe, alipopata mimba, Eliaichi alimpelekea kibuyu cha maziwa kila jioni, yangali na joto la kiwele.

"Mama, tusiyachemshe kwanza?"

"Uyachemshe, uue nguvu yake? Kunywa, mwanangu. Mumeo alikuzwa hivyo hivyo. Ona mabega yale!"

Priska akanywa.

Kisha Malkia akatupa mimba. Priska alimsaidia mama mkwe kuondoa kondo la nyuma kwa mikono mitupu. Baada ya muda, homa ikamwingia. Ilipanda jioni, ikashuka asubuhi, ikarudi tena. Viungo vilimuuma, jasho likamlowesha.

"Malaria hiyo," alisema Eliaichi. Akamnunulia vidonge dukani, akamwongezea maziwa.

Mimba ya Priska ikatoka. Walimzika mtoto mgombani, bila jina.

Homa haikuisha. Akiogopa kuzika tena, Eliaichi alimpeleka mkwewe zahanati. Tabibu Stella alimbonyeza Priska chini ya mbavu, upande wa kushoto.

"Bandama limevimba. Mama, nyumbani mna ng'ombe?"

"Nimeleta mkwe, daktari. Ng'ombe ningempelekea bwana mifugo."

"Ametupa mimba karibuni?"

Tabasamu la Eliaichi likazimika.

Stella alichukua damu ya Priska, akaichanganya na dawa ya kupimia kwenye kipande cha kioo. Ikafanya chembechembe.

"Ni brusela. Ng'ombe mwenye ugonjwa huu huweza kutupa mimba. Sisi huupata kwa kunywa maziwa mabichi, au kushika kondo bila glavu. Homa yake hufanana na malaria, ndiyo maana tunapima."

"Na mtoto wetu?"

"Huenda ndio uliomtoa, mama."

Priska alitazama ukuta.

"Atapona," Stella aliendelea. "Atakunywa dawa za aina mbili kwa wiki sita, asiache hata akipata nafuu. Na maziwa yachemke mpaka yatokote."

"Nilimnywesha mwenyewe," alinong'ona Eliaichi.

Malkia alipimwa, akakutwa na brusela, akachinjwa. Jioni hiyo Eliaichi alikuja mlangoni kwa Priska na jani la sale mkononi. Uchaggani, anayeletewa sale hamnyimi mtu msamaha. Lakini nani amewahi kuona mama mkwe akimletea mkwewe?

Priska alilipokea kwa mikono miwili. Akaenda kulilaza mgombani, pale kwenye udongo mpya.

Alimaliza dawa, akapona. Mwaka uliofuata alijifungua binti. Eliaichi aliinama mekoni, akichemsha maziwa ya ng'ombe wa jirani. Povu lilipanda.

"Mama, yameshatokota."

"Najua, mwanangu."

Hakuondoa sufuria.