Mvumo Uliotafuta Ardhi

Amplifaya ilivuma kabla haijachomekwa kwenye umeme. Fundi Sikio aliusikia mvumo huo akifungua skrubu za nyuma, akadhani ni nzi kaingia, akapuliza. Halafu akausahau, maana asubuhi ile alikuwa na furaha. Siku hizi nani anakuletea amplifaya ya gitaa ya valvu, zile taa za kioo zinazowaka wekundu? Mpiga gitaa aliyeileta alisema neno moja tu, "Inavuma," akaondoka mbio kama aliyetua zigo la kuni.

Nusu ya chumba ilikuwa ya Sikio, nusu ya mkewe mshonaji. Miaka kumi na minne, huku risasi ya kulehemu inayeyuka, kule cherehani inalia. Kila Sikio alipomaliza kazi, mkewe alisema bila kuinua macho, "Kazi safi, fundi," kwa sauti nzito ya mkaguzi wa shule. Ulikuwa utani, lakini bila neno hilo Sikio hakuona siku imekwisha.

Aliichomeka amplifaya, akaiwasha. Akachomoa valvu ya kwanza, kwa kuwa ndivyo kelele inavyosakwa: ikikoma, ubaya uko hapo au nyuma yake, ikiendelea, unasonga mbele. Iliendelea. Mtafutaji hachoki, akichoka keshapata. Akachomoa ya pili, ya tatu, mpaka zote zikalala mezani. Spika ikazidi kuvuma, na chumba kikanuka nywele zilizoungua.

"Si uizime?" mkewe akanong'ona.

"Nimeshaizima."

"Basi mrudishie mwenyewe, baba. Hiyo si kelele ya kifaa."

"Ni chaji iliyobaki ndani," alisema Sikio, ambaye hajawahi kushindwa na redio.

Akarudisha valvu, akawasha. Ilibaki hila moja ya mafundi: gusa bati la nje, na kelele ikipungua, basi waya wa ethi umekatika, umeme hauna njia ya kwenda ardhini. Mikono yake yote miwili ilikuwa na vipimo.

"Mke wangu, hebu weka kiganja hapo kwenye bati."

Alikuja akicheka, sindano midomoni, akaweka kiganja. Mvumo ukakoma kabisa.

"Ethi!" Sikio akapiga kelele. "Ethi tu!" Akangoja asikie neno lake.

Mke alirudi kwenye cherehani. Midomo yake ilikuwa imefumba, na mvumo ukatoka kifuani mwake. Ndipo spika ikasema, kwa sauti aliyoijua kuliko yake mwenyewe, "Mume wangu, mbona huku hakuna pa kukaa?"

Siku tatu hakuizima. Alikaa shavu kwenye spika, akisema, "Niko hapa. Sitakuzima, wallahi sitakuzima." Nyuma yake mwili wa mkewe ulishona kitambaa kimoja, mshono juu ya mshono, bila uzi.

Mganga aliyeitwa alikuwa mama mkavu wa maneno. "Jini alikosa mlango, wewe ukampa mkono wa mkeo. Hutoka kwa njia aliyoingilia. Kiganja kirudi palepale, chombo kikiwa kinawaka."

"Sasa hivi, mama," alisema Sikio. Umeme wa mtaa ule ulikuwa na tabia zake.

Wakamshika, mganga miguu, Sikio mabega, na yule mwanamke mwembamba aliyekuwa akibebwa kwa mkono mmoja siku ya harusi yao sasa alikuwa mzito kama jiwe la kusagia, akivuma kwa mdomo uliofumba hadi mikasi ikatetemeka ukutani, na ile harufu ya nywele ikawajaa kooni, na kutoka kwenye spika yeye mwenyewe akiita, "Vuta, mume wangu, nakuona, vuta," na Sikio akauvuta ule mkono akilia waziwazi, dhiraa moja, shubiri moja, mpaka kati ya ncha za vidole na bati pakabaki nafasi ya kupitisha uzi.

Feni ya dirishani ikasimama. Umeme ulikuwa umekatika.

Amplifaya ya valvu haifi papo hapo, kila fundi anajua. Moto hubaki kwenye kioo kwa sekunde chache, na sauti huenda ikififia nao. Sikio alikibandika kile kiganja kwenye bati, akakikandamiza kwa uzito wake wote. Wekundu ulikuwa ukififia.

"Umenizima?" mkewe akauliza kutoka kwenye spika, polepole, kwa mshangao.

"Siyo mimi!" akapiga yowe. "Siyo mimi, mke wangu!" Hakujua kama mkewe alisikia.

Saa nzima baadaye umeme ulirudi. Mganga alikuwa ameshaondoka bila kuaga, na mwili wa mkewe ulikuwa umerudi kwenye cherehani, ukishona bila uzi. Valvu ziliwaka moja moja, na Sikio akaweka sikio, akaongeza sauti hadi mwisho. Hakukuwa na mvumo wala mkwaruzo. Hajawahi kusikia amplifaya iliyotulia namna ile.

Cherehani ikasimama nyuma yake.

"Kazi safi, fundi," ilisema sauti nzito, bila kuinua macho.