Nishuke Mpaka Wapi?

Haya yalimfika Fairuz binti Gharib, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, huku nyuma ya Ndia Kuu, Mombasa. Wako wasemao kazi ilimvuruga akili. Hao hawajaingia nyumbani kwake.

Siku yenyewe ilianza vizuri tu. Fairuz alikunywa chai na mahamri, akamuaga mamake, Bi Mwanakuu, akavuka kwenda bara kazini. Alikuwa muongozaji wa ndege. Kutwa huketi juu mnarani mbele ya rada, akiwaambia marubani nani ashuke, nani apande, nani angoje.

Alasiri mvua ikafunga upande wa bahari. Ndege ya abiria ilikuwa ikishuka, imejaa watu, na Fairuz ameshaipa njia. Ghafla ikazuka alama nyingine kutoka baharini, yaja mbio, haina jina. Ilikuwa ndege ya jeshi. Walioiongoza walikuwa na chumba chao na masafa yao ya redio, na hakuna aliyeuarifu mnara kwamba imetoka eneo la mazoezi. Alama mbili zikawa zaelekeana, kimo kimoja.

Fairuz aliiamuru ya abiria ipande. Kisha akafungua masafa ya dharura amwite yule mwanajeshi. Angani huzungumzwa Kiingereza, na yeye alikuwa amekizungumza miaka. Saa ile kilimtoka chote. Akapiga ukelele kwa lugha ya kwao: "Wewe wa jeshi, shuka! Shuka sasa!"

Sauti ya kijana ikajibu, imetulia. "Nashuka."

Rubani huambiwa ashuke mpaka kimo gani. Fairuz alifungua kinywa amwambie. Redio ikavuma, na alama ya ndege ya jeshi ikazimika.

Ndege ya abiria ilitua salama. Watu wakashuka na mabegi yao, hawana habari. Ile ya jeshi ilizama baharini, ng'ambo ya mwamba. Rubani wake, kijana aitwaye Bramwel, alitafutwa asionekane.

Hakuna aliyemlaumu Fairuz, lakini alisimamishwa kazi, akakatazwa kutoka Mombasa mpaka uchunguzi uishe. Juma lile lile ugonjwa wa moyo wa Bi Mwanakuu ukazidi, akapelekwa Nairobi kupasuliwa. Fairuz alibaki peke yake katika nyumba ile ya ghorofa, akipiga simu hospitali na kulia.

Alasiri moja ya mvua alikuwa jikoni akisafisha samaki. Redio yaimba taarabu. Wimbo ukakatika.

"Mnara," ikasema redio.

Kisu kikamponyoka.

"Mnara, nashuka. Nishuke mpaka wapi?"

Aliichomoa redio ukutani. Sauti ikahamia kwenye feni ya ukumbini, ikizunguka na mapanga yake. Akaizima feni. Ikaja kwenye bomba la maji, nyembamba, ya subira, kama ya mtu aliye kwenye foleni. Nishuke mpaka wapi. Ilinyamaza mvua ilipokatika, na kesho yake alasiri ikarudi.

Siku ya tatu alichoka kukimbia vyumba. Akaichomeka redio tena, akaiinamia, akanong'ona, "Shuka mpaka chini."



"Chini nimeshafika," ikasema sauti. "Kuna kiza."

Alimwita mwalimu Zakariya wa chuo cha Kurani aje kumsomea. Mzee alisoma, akanyamaza katikati, akatega sikio. Akainuka. "Binti yangu, huyu siwezi kumuondoa," akasema taratibu. "Yuwangoja amri, na amri si yangu. Ni yako." Alitoka peku. Viatu vyake alituma mtu aje kuvichukua.

Habari njema pekee ilitoka Nairobi. Bi Mwanakuu alipona, akaruhusiwa kurudi kwa ndege. Fairuz alifagia nyumba, akatia udi, akapika. Hakuwa na la kuomba zaidi ya kumuona mamake akiingia mlangoni.

Mawingu yalikuwa yameshafunga simu ilipolia. Ni Chirau, mwenzake wa mnarani. Alikuwa akinong'ona.

"Dada Fairuz, mama yumo kwenye ndege hii?"

"Yumo. Kwani kuna nini?"

"Rubani asema mbele yake kuna ndege. Mimi kwenye rada sioni kitu. Nimempandisha, nayo yapanda. Nimempindisha, nayo yapinda."

"Mrudishe Nairobi!"

"Nimemwambia. Sasa hanisikii. Kila nikifungua redio, kuna mtu mwengine asema."

"Asemaje?"

Chirau alivuta pumzi. "Auliza ashuke mpaka wapi."

Fairuz aliikimbilia redio ya jikoni. "Bramwel! Bramwel, nakusikia, nijibu!" Taarabu tu. Akaufungua mfereji wa bomba. Maji tu. Akaipiga feni kwa mikono mpaka vidole vikachubuka. "Nakuomba. Mamangu yumo humo. Mamangu mgonjwa. Nijibu!" Siku zote alimlilia anyamaze, na leo, alipomtaka aseme, alinyamaza.

Akapanda ngazi mbio mpaka darini, kwenye paa la wazi.

Mvua ilimpiga usoni. Simu aliishika sikioni, Chirau akilia kabisa. "Zakaribiana, dada. Rubani asema aiona kwa macho. Yamjia."

Wingu likapasuka juu ya mji. Akaiona ndege ya mamake, chini mno, taa zawaka. Mbele yake palikuwa na kitu. Umbo la ndege, jeusi, likitiririka maji. Maji mengi kuliko mvua.

"Shuka!" akapiga kelele. "Bramwel, shuka!"

Sauti ikaja sikioni. Si lile la simu. Lile jengine.

"Nashuka. Nishuke mpaka wapi?"

Alijua kimo hakitafaa. Alijua chini ameshafika. Palikuwa na mahali pamoja tu alipokuwa na ruhusa ya kumpa mtu.

"Mpaka kwangu," akasema. "Shuka mpaka hapa kwangu."

Lile jeusi likainamisha pua. Likaja. Bila muungurumo. Fairuz akalala kifudifudi, akafumba macho. Upepo wa baridi ukampita mgongoni. Ukanuka mafuta ya ndege na mwani. Ukashuka ngazi.

Halafu hakuna kitu.

"Imepotea!" Chirau alikuwa akipiga kelele kwenye simu. "Mama yuwatua, dada! Ametua!"

Bi Mwanakuu aliletwa nyumbani kabla ya magharibi, amechoka, anacheka. Fairuz alimkumbatia, hakutaka kumwacha. Mama akatupa jicho ukumbini, kwenye kiti kilicho kando ya dirisha.

"Fairuz, mwanangu, adabu gani hii? Mgeni amerowa vile, humpi hata taulo?"

Kitini hapakuwa na mtu. Lakini maji yalikuwa yakidondoka.

Baadaye wapiga mbizi waliipata ndege ya Bramwel imekaa wima mchangani. Kifuniko cha chumba cha rubani kilikuwa kimefungwa kwa ndani. Mikanda ya kiti ilikuwa imefungwa, imekazwa. Kiti kitupu.

Fairuz amerudishiwa kazi, ameikataa. Alijaribu kuhama na mamake, wakalala kwa jamaa huko Shimanzi. Kesho yake alasiri Chirau akapiga simu kutoka mnarani. "Rudi nyumbani, dada. Auliza tena redioni. Tafadhali, rudi." Walirudi siku hiyo hiyo, na hawajalala kwengine tena.

Sisi majirani tumeonyeshwa chumba cha juu. Hakuna alalaye humo. Asubuhi Fairuz hutandika shuka safi, kavu, akafunga mlango. Ikifika alasiri shuka huwa zimerowa umbo la mtu aliyelala chali, mikono ubavuni, na ukionja kwa ncha ya kidole ni chumvi. Mto nao hubonyea katikati.

Wanawake wawili wa mtaani walitia mkono penye kile kibonyeo. Pana joto.